Zamu

Saa nane za usiku, Tabata.
Luku imekata, feni imesimama,
na kile kidude cha ukutani kinalia ti, ti, ti
kama kifaranga kilichopotezana na mama yake.
Nimeamka. Nasema nimeamka
kana kwamba nililala.

Naujua usiku kama pindo la kanga ninalofungia hela:
najua fundo lilipo, najua pia halina kitu.
Nane na robo, mbwa wa Shirima anabwekea kivuli.
Nane na nusu, bajaji ya Mponjoli inarudi,
inazimwa mbali, inasukumwa hadi mlangoni
ili isimwamshe mkewe,
na mkewe anakohoa: nipo macho.

Kodi ya miezi sita.
Cherehani yangu iko rehani kwa mtu wa Buguruni.
Naenda dirishani. Narudi.
Naenda jikoni, nakunywa maji nisiyo na kiu nayo.
Natembea kwa ncha za vidole,
maana chini ya chandarua chenye kiraka
amelala Mwanaidi, miaka saba,
na mtoto, nilidhani, hana anayemdai.

Jumatano mwalimu Kokusima aliniita shuleni.
"Mwanao anasinzia juu ya daftari.
Jana aliandika saba, mkia wa saba ukarefuka,
ukatoka nje ya ukurasa, ukaishia kwenye dawati."
Nikasema ni mbu. Nikasema ni joto.
Nikaisingizia na baa ya jirani.
Akaniangalia macho; si mimi, macho yangu.
"Na wewe, mama, unalala?"

Nilicheka,
kicheko cha mtu aliyekutwa na sufuria ya jirani.

Jioni ile nikamuuliza mtoto.
Alikuwa anakwangua ukoko, hakuinua kichwa.
"Ukienda dirishani mara tatu, ni kodi.
Ukikaa jikoni bila kuwasha taa, unamkumbuka bibi.
Ukisema 'haya basi' peke yako, ni baba.
Mimi nahesabu tu.
Ukirudi kulala, na mimi nalala.
Juzi hukurudi."

Kijiko kikaendelea kukwangua.

Mama yangu naye, kule Keko,
alikesha akisubiri viatu vya baba
vitoke zamu ya usiku kiwandani.
Kiwanda kikafungwa, baba akawa yumo ndani tele, anakoroma,
yeye bado anasubiri viatu.
Na mimi upande wa ukutani, nimefumba macho,
ninajifunza kusikiliza.

Watu hurithi nyumba. Hurithi mikorosho Kisarawe.
Mwanaidi nilimwachisha ziwa kwa shubiri,
akalia siku mbili, ya tatu akasahau.
Kukesha sikumwachisha.
Sikujua kama ananyonya.

Usiku wa Ijumaa nikajilaza kwa makusudi.
Saa nne nimeshachomeka chandarua,
napumua kwa ufundi, ndani, nje,
na kikoromo kidogo cha kupambia.
Kodi ikaja, ikasimama dirishani.
Nikaiacha isimame.
Ubavuni, Mwanaidi naye anapumua vizuri mno,
vizuri kama mtoto wa kwenye tangazo la maziwa,
huku kidole chake cha mguu
kinanigusa ugoko, kinaondoka, kinarudi,
kinahakikisha kama nipo.

Nikajua. Akajua.
Tukalala hivyohivyo, mama mwongo na mwana mwongo,
kila mmoja akimbembeleza mwenzake kwa uongo wake,
na mahali fulani, sijui ni wa nani,
uongo mmoja ukachoka ukawa kweli.

Asubuhi jua lilikuwa limeshaingia hadi kwenye ndoo.
Mwanaidi mdomo wazi, udenda umelowesha mto;
sikumwamsha, shule ikasubiri, maana ilikuwa Jumamosi
na hata isingekuwa Jumamosi.
Nikatoka kuteka maji.
Mke wa Mponjoli alikuwa bombani, macho mekundu.
Nikamuuliza kama bajaji ilirudi jana.

"Nane na nusu, kama kawaida," akasema.
"Kwani hukuisikia?"